Fundi Aliyesoma Mstari wa Kwanza Tu

Pale hospitalini walimwita Profesa, na jina hilo alilipenda kuliko alivyotaka watu wajue. Hakuwahi kufundisha chuo chochote. Alikuwa fundi wa kompyuta, mwenye chumba chake cha baridi nyuma ya maabara, na humo ndani seva moja iliyobeba majina na maradhi ya kila mgonjwa. Kilichowazuzua watu ni skrini yake nyeusi. Hakugusa kipanya. Aliandika amri kwa vidole viwili, mashine ikamjibu kwa namba tupu, naye akatikisa kichwa kama mtu aliyenong'onezwa siri. "Nzima," husema. Akishasema hivyo, nani abishe?

Amri yake kipenzi ilikuwa vmstat, ile inayoonyesha mashine inavyotumia kumbukumbu yake. Kumbukumbu ni meza ya kazi. Ikijaa, mashine huanza kubeba vitu kuvipeleka kwenye diski, ambayo ndiyo stoo, kisha kuvirudisha, nenda rudi, nenda rudi, mpaka kazi yenyewe inasimama. Safari hizo zina safu zake mbili za namba. Profesa alizitupia jicho, akaona vinamba vidogo visivyomtisha mtu, akafunga.

Mwaka jana foleni ya mapokezi ikaanza kukwama. Kila asubuhi skrini ya dirisha la kuandikisha inaganda, na wagonjwa wamesimama na watoto mgongoni. Wodini walitumia seva hiyo hiyo, ila wao mchana, nao hawakulalamika. Dirishani alikaa Shangazi. Hakuwa shangazi wa mtu yeyote pale, ni karani wa miaka ishirini na miwili kazini ambaye kila mwajiriwa mpya alipitia mikononi mwake. Hata Profesa, siku ya kwanza, hajui hata choo kilipo, ni yeye aliyemtembeza jengo zima. Tangu siku hiyo alimwita mwanangu.

"Inaganda, mwanangu," alimwambia. "Hebu njoo uikalie uitazame."

Profesa hakukaa. Aliandika amri yake akiwa amesimama, akasoma mstari mmoja, akasema nzima. Shangazi akamletea daftari la shule lenye jalada la bluu. "Nimekuandikia humu." Akalipokea, akaliweka mezani, na kwa ninavyomjua hakuligusa tena.

Kwenye kikao cha Jumatatu mkurugenzi akamuuliza mbele ya wakuu wote wa idara: "Profesa, tatizo ni mashine au mtu?"

"Mashine ni nzima, mkuu. Labda vidole. Na umri nao..."

Watu wakacheka. Wiki hiyo hiyo Shangazi akahamishiwa stoo ya mafaili ya zamani, chini kabisa, kwenye vumbi. Akiwa anashuka alipita kuchukua daftari lake, na Profesa akajifanya anaongea na simu.

Aliyekuja kumzindua ni dada aliyepewa kile kiti, mtu asiye na simile. Hata mwezi haukuisha akamvamia chumbani. "Kaka, mashine yako inaganda. Na usiniambie nzima. Nimesimama hapa, siondoki."

Ili amwonyeshe tu, Profesa akaandika ile amri na kuongeza tano mbele yake, mashine ijibu upya kila baada ya sekunde tano. Kwa kawaida hakuongeza kitu. Mstari wa kwanza ukatoka na vinamba vyake vidogo, kama siku zote. Akafungua mdomo aseme neno lake. Mstari wa pili ukatoka, na zile safu mbili za safari za stoo zimejaa maelfu. Wa tatu vivyo hivyo. Wa nne ukazidi.

Akafungua maelezo ya amri, ambayo hakuyasoma tangu alipokuwa mwanafunzi. Yalikuwa wazi kabisa: mstari wa kwanza ni wastani wa tangu mashine ilipowashwa. Hali ya sasa inaanzia wa pili. Na seva ile ilikuwa haijazimwa mwaka na ushei. Muda wote huo, katikati ya hospitali, alikuwa akipima homa ya mgonjwa kwa kugawanya joto lake katika siku zote alizoishi.

Akatafuta kinachoijaza ile meza ya kumbukumbu. Ilikuwa ripoti ya mkurugenzi, yenye michoro ya rangi, inayoanza yenyewe kila siku saa nne kasorobo ili iwe tayari kwa chai yake. Aliyeipanga saa hiyo ni Profesa mwenyewe, kwa kujipendekeza.

Akaisogeza ianze alfajiri. "Nimeshaiweka sawa," akamwambia dada, basi. Kesho yake foleni ikaenda kama maji, na mkurugenzi akampiga bega ukumbini: "Unaona? Tulipomtoa yule mama mambo yamenyooka."

Na Profesa akacheka. Mtu mzima, mwenye mke na watoto, akacheka! Aibu ya kukosea angeweza kuishi nayo, lakini si kicheko kile. Mkewe alipomuuliza mbona hali chakula, alisema amechoka. Hakuweza hata kumtazama.

Siku ya tatu akashuka stoo. Shangazi alikuwa juu ya kigoda, kitambaa puani, anapanga mafaili. Profesa alimweleza yote akiwa anatazama sakafu, hadi kicheko chake.

Shangazi hakushangaa. Akateremka taratibu, akachukua lile daftari la bluu rafuni, akalifungua. Tarehe, saa iliyoganda, saa iliyoachia. Saa nne kasorobo hadi saa nne na robo. Saa nne kasorobo hadi saa nne na robo. Kurasa kumi na nne, siku baada ya siku, kwa mwandiko ulionyooka. Jibu lote lilikuwa humo, na juu ya jalada kulikuwa na duara la kahawia. Profesa alilitambua. Ni la kikombe chake.

"Nisamehe, Shangazi."

"Hukunisema hapa stoo," akajibu. "Kasemee kule uliponisemea."

Jumatatu Profesa akasimama kikaoni, akasoma daftari zima kwa sauti. Mkurugenzi akamwambia inatosha, imeeleweka. Hakuacha. Alipofika mwisho akasema saa ya ripoti aliipanga yeye, uvivu ulikuwa wake, na mzaha ule wa umri aliutoa kwa kuwa hakuwa na jibu. Safari hii hakuna aliyecheka.

Shangazi alirudishwa dirishani. Sasa Profesa huenda pale dirishani kila asubuhi, huvuta kiti, hukaa, huitazama mistari mpaka saa nne na robo inapita. Bado wanamwita Profesa, na kila wanapoliita jina hilo huinamisha uso.

Siku ya kwanza aliyokaa, Shangazi alimsogezea kiti vizuri tu, bila kinyongo usoni, kama ambavyo angemfanyia mgeni yeyote.

"Karibu, fundi," akamwambia.

Profesa alisubiri amwite mwanangu. Anasubiri mpaka leo.