Nakala Arobaini za Mwalimu Wahu

Mwalimu Virginia Wahu, jirani yangu hapa Waithaka, ni mbishi. Ukimwambia mvua inanyesha, atatoka nje kuhakikisha. Basi wachapishaji walipomwambia kwamba zama za vitabu vya programu za kompyuta zimepita, kwamba vinazeeka kabla wino haujakauka na vijana huuliza simu kila kitu, alirudi nyumbani, akavua viatu, akaniambia, "Hao nitawaonyesha."

Kwa miaka minne alikuwa ameandika kitabu cha kufundisha programu kwa Kiswahili. Alitaka jambo moja tu: mtu mmoja, hata mmoja, akisome hadi mwisho. Nilimwombea kimoyomoyo, maana mimi mwenyewe nilijaribu nikasinzia ukurasa wa sita.

Akampelekea Isaiah, fundi wa River Road anayechapisha kadi za harusi na ratiba za mazishi. Isaiah ni nadhifu kupita kiasi. Alipoona mistari mingine imeanzia ukingoni na mingine imesogea ndani, akadhani maskini mwalimu macho yameanza kumsaliti. Akakaa siku mbili akiinyoosha yote, ikasimama kama wanafunzi kwenye gwaride. Hakutuambia. Alitaka iwe zawadi.

Sasa, katika lugha ile ya kompyuta, mstari uliosogea ndani uko chini ya amri ya ule ulio juu yake. Ukiunyoosha, programu inakataa katakata. Tuligundua wakati nakala zote arobaini zimeshagawiwa darasa la Wahu la Kangemi, na hakuna programu hata moja iliyofanya kazi.

"Lakini mwalimu, si zilikuwa zimepinda?" Isaiah akauliza, kwa uso wa huruma hata Wahu akashindwa kumgombeza. Wahu alilia njiani tukirudi. Nilimwona; akasema ni vumbi.

Jumamosi tukaenda Kangemi kuzikusanya. Vijana walizirudisha upesi, nyingine hazijafunguliwa hata mara moja, na kila moja ilimkata Wahu maini. Akabaki Ciru, msusi wa pale sokoni. Alikuwa amekikumbatia kitabu chake, kimejaa mafuta ya nywele.

"Leta, Ciru. Kimeharibika."

"Aki madam, hii kitabu siwezi rudisha."

"Lakini hakifanyi kazi."

"Najua. Nilikuwa naandika kwa simu inakataa. Ikabidi nisome kila laini nijue gani iko chini ya gani. Nimezisongesha zote na penseli. Saa hii zote zinawork."

Wahu akafungua. Mishale ya penseli kila ukurasa, mpaka wa mwisho.

"Ila hapa ukurasa wa tisini na mbili," Ciru akaongeza, sauti ikishuka kwa adabu, "hapa si mambo ya kusongesha. Hapa ni wewe ulikosea, madam. Hii ya kupanga zamu za kupokea pesa za chama, yule wa mwisho zamu yake haifiki."

Wahu akavaa miwani. Akasoma mara mbili, midomo ikicheza, kidole kikifuata mstari.

"Ni kweli," akasema. Kisha akacheka mpaka akashika ukuta. "Jamani, ni kweli! Nimekosea!"

Sijawahi kumwona mtu akifurahi hivyo kwa kukosolewa.