Nilivyomwandikisha Maelezo Mwenzangu

Jamani, nani alinichagua mimi kuwa msikilizaji wa askari wenzangu wenye mawazo? Mimi nikitoka kazini ni nyumbani, ugali wa ulezi na kulala.

Juzi akaja koplo mmoja. Tangu aende kuokoa majeruhi wa ile ajali ya barabarani kule Chala hapati usingizi, na ilimchukua wiki nzima kuthubutu kuniona. Alipoanza tu kusimulia, mazoea ya kaunta ya kituo cha polisi yakanishika. Nikachukua kalamu, nikamkatiza: jina kamili, umri, kabila. Akajibu, akidhani ndio utaratibu. Alipomaliza kufuta machozi nikamsogezea karatasi.

“Soma, kama ni sahihi weka saini.”

Akasoma taratibu. Juu kabisa nilikuwa nimeandika, kwa mwandiko mzuri: Maelezo ya Mtuhumiwa.

“Afande,” akaniuliza, “dhamana ipo, au ndiyo nalala ndani?”