Shangazi na ndoo yangu ya rosela

Jamani, tangu mchana sielewi nimerekodi nini.

Mnanijua na zile filamu zangu za Kijapani, mtu anakatwa kidole damu inaruka mpaka darini. Mimi huwa nacheka tu.

Basi leo nikasema nami nitengeneze ya kwangu, hapa hapa migombani kwetu Hamugembe. Simu, panga la boksi, na juisi nyekundu ya rosela niliyoichemsha na sukari mpaka ikanata kama damu.

Binamu yangu Dezi akalala chini. Tukammwagia ndoo nzima.

Mara shangazi huyu hapa, katoka kijijini Buganguzi na mkungu wake wa ndizi. Hakuna aliyekuwa amemwambia kitu.

Nikasubiri mayowe. Nilitaka hata yaingie kwenye filamu!

Hakupiga kelele.

Alitua ndizi, akaingia jikoni, akarudi na beseni la maji. Mikononi kavaa mifuko ya mkate.

"Sogeeni pembeni, waitu. Msimguse kwa mikono mitupu."

"Shangazi, ni rosela!"

"Nimesikia."

Na akaendelea kumwosha. Shingo, masikio, katikati ya vidole. Dezi aliyekuwa anacheka akampa na mkono wa pili mwenyewe.

Mama, aliyetoka ndani kutazama, akaninong'oneza: miaka ile UKIMWI ulipoingia, glavu hakuna, ndivyo shangazi alivyowauguza wadogo zake.

Alipomaliza akaniuliza, wala hana hasira:

"Kwenye hizo za Wajapani, nani huwa anaosha?"

Nimewaza filamu zote nilizowahi kuona.

Wapenzi wa damu wenzangu, mnakumbuka hata moja?