Shule ya Kijiji na Watoto wa Mkamua Ng'ombe

Siku zile, kabla ya Toronto na hizi zamu za ghalani kule Brampton zinazonirudisha nyumbani miguu ikiwaka moto, tuliishi kwenye kijiji kimoja kidogo cha Uingereza. Baba, mtu wa Tanga, alipata kazi ya kukamua ng'ombe shambani huko, akatubeba wote, watoto watano. Ninyi mliokulia ugenini mnajua: nje Kiingereza, jikoni Kiswahili, na Mama anakaanga maandazi madirisha yakiwa wazi hata theluji ikianguka, ili sare zetu zisinuke mafuta.

Kijiji chenyewe kilikuwa barabara moja, kanisa la mawe, na shule ya vyumba viwili. Mwalimu Dorothy, mama wa makamo mwenye kikohozi kisichoisha, alitufundisha historia kwa kututembeza. Hapa palikuwa na mhunzi. Pale wanawake walisokota sufu. Kwenye majani yale ndipo treni ilipopita, kabla reli haijang'olewa. Uani mwa kanisa kulikuwa na jiwe lenye majina ya vijana waliokwenda vitani wasirudi, wengine ndugu wa tumbo moja, naye alitusomesha jina kwa jina. Nilikuwa mdogo, lakini niliona kwamba kila hadithi yake iliishia kwa mtu kuondoka.

Jioni tuliwafundisha wenzetu kombolela, ule mchezo wetu wa kujificha na kutafutana. Mpaka leo naamini kuna Waingereza watu wazima wanaojua kupiga kelele "kombolela!" bila kujua maana yake. Tulichuma matunda ya vichakani hadi midomo ikawa ya zambarau. Na kila tukitoka, Mama alisema jambo lile lile: "Salimieni watu, hata wasioitikia."

Asiyeitikia alikuwa mmoja tu, Mzee Arthur, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta.

Mwaka wa pili halmashauri ikasema shule ifungwe, watoto ni wachache. Kijiji kizima kikakusanyika ukumbi wa kanisa. Ofisa akasema familia ya kibarua wa shamba ni ya kupita tu, watoto wake wasihesabiwe. Baba akainamisha kichwa. Ndipo Mzee Arthur aliposimama.

"Mimi nimesoma shule hiyo, na baba yangu pia," alisema. "Hawa watoto hunisalimia kila asubuhi. Wahesabu."

Shule ikabaki. Kesho yake tukamsalimia. Akaitikia kwa kuguna, nasi tukakimbia kumwambia Mama.

Ilifungwa miaka kadhaa baadaye, mdogo wetu wa mwisho alipomaliza. Majuzi huyo mdogo wangu alipita kule, akanipigia simu. Shule sasa ni nyumba ya mtu wa mjini anayekuja wikiendi. "Dada, nimemaliza barabara yote sijakutana na mtu," aliniambia.

Nilimsimulia binti yangu, ambaye Kiswahili anakielewa ila hujibu kwa Kiingereza. Hakuinua hata macho kwenye simu yake. Akasema jengo letu hapa North York, Toronto, lina watu wengi kuliko kijiji hicho chote.

Ni kweli, wamejaa. Kule, mtoto asipoonekana shuleni, kufika mchana mtu ameshagonga mlango na bakuli la supu. Hapa nililala na homa wiki nzima. Aliyegonga alikuwa kijana wa pizza, naye alikosea nyumba.