Sukari Iliposhuka

Kaka yangu mkubwa alikuwa fundi cherehani pale Gongoni, na kisukari chake alikivumilia kama mgeni asiyeaga. Alijichoma sindano asubuhi na jioni, akala dona huku akinung'unika, basi. Figo hakuzitaja hata siku moja, wala sisi hatukuzitaja. Kwetu sukari ilikuwa ugonjwa wa macho na miguu, tuliogopa upofu na kukatwa mguu tu.

Kisha sukari ikaanza kushuka yenyewe. Sindano zikawa zinamtetemesha na kumtoa jasho, akazipunguza, mwisho akaziacha kabisa, na bado kipimo cha kidoleni kilisoma vizuri. Shangazi yetu wa Kwihara, aliyekuwa akimletea mizizi ya kuchemsha, akapata utukufu alioutafuta maisha yake yote. "Si niliwaambia? Mnapoteza nauli kwa madaktari." Simpendi shangazi, na sitajifanya kwamba nampenda.

Kaka akajaa uso. Wateja wakamwambia amenawiri. Alipotapika asubuhi, shangazi alisema dawa inasafisha tumbo. Alipojikuna mpaka ngozi ikachubuka, alisema uchafu unatoka. Nyumba nzima ikaitikia, maana habari njema haina mpinzani, na kaka mwenyewe alikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona tangu mkewe alipofariki.

Wakaandaa kisomo cha shukrani. Mbuzi akachinjwa, pilau ikapikwa, walimu wa madrasa wakaja na kanzu zao nyeupe. Akaja pia mtani wetu, Mzaramo aliyeolewa mtaa wa pili, mkaanga maandazi. Sisi Wanyamwezi na Wazaramo tunataniana tangu babu zetu walipobeba pembe za ndovu kwenda pwani kwao, na mtani ana ruhusa ya kusema lolote, mahali popote, bila mtu kukasirika.

"Nyie watumwa wetu," alisema akiingia, "mlitushushia mizigo pwani, mkatuachia nini? Chawa!"

Ua mzima ukacheka. Akamwendea kaka aliyekuwa amenyoosha miguu mkekani, akambonyeza muundi kwa kidole gumba, akakiondoa. Pakabaki shimo, na shimo halikujaa.

"Mtani, hujapona wewe. Haya ni maji. Baba yangu alivimba hivihivi, tukamzika. Achana na hiyo pilau, nenda hospitali kesho."

"Mnaona anavyonitakia kifo?" kaka akasema huku machozi ya kicheko yakimtoka. "Anataka cherehani yangu huyu!"

Walicheka mpaka walimu wa madrasa. Mtani akarudia maneno yaleyale, mara hii bila tabasamu, nao wakacheka zaidi, wakisema leo ameamka na utani wake wote. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa nimeliona lile shimo. Nilimfuata mtani jikoni nikamuuliza kama anasema kweli. "Dada," akajibu, "nisemeje ili niaminike katika nyumba hii?"

Ilinichukua wiki nzima ya kugombana mpaka kaka akakubali kwenda. Daktari alikuwa kijana, akamwamkia kaka shikamoo, akaangalia majibu ya damu na mkojo, kisha akasema bila kuzunguka. Sukari haikupona. Figo zilikuwa zimeshindwa, na figo zikishindwa hazitoi tena mwilini dawa ya sindano, wala ile kidogo ambayo mwili hujitengenezea wenyewe, kwa hiyo inakaa na kufanya kazi kupita kiasi. Kile tulichokichinjia mbuzi ndicho kilichokuwa kinamuua.

Kaka akauliza mbona hakusikia maumivu. Daktari akasema figo haziumi zinapoharibika, na kwa watu wazima wenye kisukari hili limejaa tele, wengi wa waliokaa kwenye benchi pale nje wameshaanza bila kujua. "Wangapi nyumbani kwenu wana sukari?" akaniuliza. Nilipotaja ndugu zangu wawili na shangazi mwenyewe, akasema wote waje wapimwe mkojo. Nilipeleka ujumbe. Hakuja hata mmoja. Shangazi alisema sukari yake ni ya kurithi, haina madhara.

Mashine ya kusafisha damu ilimkuta kaka amekwisha. Alifia hospitali, mchana, akilalamika kwamba mdomo wake unanuka mkojo. Msibani shangazi alikaa katikati ya wanawake akisema kazi ya Mungu haina makosa. Nilitaka kumzaba kibao. Nilipaswa kumzaba.

Jeneza lilipokuwa tayari kutolewa, mtani akalala kizingitini, kama ilivyo haki ya mtani, haamki mpaka atupiwe chochote. Watu wakajisogeza, wakisubiri kichekesho chao. Hakuigiza mwendo wa marehemu kama watani wafanyavyo misibani, wala hakudai cherehani.

"Nilimwambia mbele yenu," alisema akilia. "Nilisema ni maji. Mlisikia wote. Na wewe mama wa mizizi, na nyie ndugu zake, mna sukari hiyohiyo. Nendeni mkapimwe figo. Sitanii leo. Wallahi sitanii."

Wakaangua kicheko. Ndugu zangu wawili walishikana mabega wakicheka, shangazi akajifuta macho kwa ncha ya kanga, akasema huyu mtani atatuvunja mbavu, na sarafu zikaanza kumwangukia mgongoni. Hakuokota hata moja. Wanaume wakainua jeneza, wakamruka, wakapita.