Mashine Iliyovishwa Kitambaa

Mashine ya kwanza ya kupima hewa niliyokabidhiwa ilinitukana nyumbani kwangu, Guildford, siku ileile ilipoingia. Ni kidude cheupe, kinalingana na kikombe cha chai, kina taa moja mbele: kijani hewa ikiwa njema, njano ikianza kuharibika, nyekundu ikiwa mbaya. Kwa kuwa kilikuwa kigeni, nilikipokea kama tunavyopokea mgeni kwetu Tanga. Nilifagia, nikapiga deki, nikatia udi kwenye chetezo. Kikawaka nyekundu. Nikakihamishia chumbani, ambako nguo zangu zilikuwa zimefukizwa tangu asubuhi, na huko kikazidi kukasirika. Nilikizima nikala wali wangu kwa amani.

Kesho yake nilimshtakia mwalimu wangu wa kazini. Huyu alikuwa mama mtu mzima, mwenyeji asilia wa nchi hii, wa wale waliokuwa hapa kabla ya Wazungu, na kabla ya sisi wote kuja na mabegi yetu. Ofisi yetu, ya mradi wa hewa ya majumbani, ilimwajiri kwanza awafundishe watu wake kupima moshi na unyevu majumbani mwao, na kazi ilipokwenda vizuri ndipo wakakumbuka kwamba Waafrika nao wanavuta hewa, wakaniajiri mimi. Kila mtu alimwita Shangazi, hata mkurugenzi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama udi wenyewe unanukia vizuri. Nikasema sana. Akasema basi nitie udi na nifungue dirisha.

Halafu akaniambia jambo ambalo nililiona halina kichwa wala miguu. Nikienda kwa watu, alisema, kabla ya kuwaeleza mashine inafanya nini, niwaeleze kwanza haifanyi nini. Nilimjibu kwamba mashine haifanyi mambo mengi sana, haipiki, haifui, na tukianza hivyo hatutamaliza. Hakucheka. Alikuwa hana kawaida ya kucheka kabla ya saa ya chai.

Darasa langu lilikuwa ukumbi wa kanisa, na wanafunzi wangu walikuwa kina mama wa mashariki ya Kongo, wengi wakitoka moja kwa moja kwenye kazi za kuhudumia wazee au za ghalani, wakiwa bado na sare. Niliwaeleza kuhusu hita za gesi zisizo na bomba la kutolea moshi, kuhusu kukausha nguo ndani madirisha yakiwa yamefungwa, na kuhusu ule msimu wanapochoma vichaka nje ya mji kwa makusudi, ili kuzuia moto mkubwa wa kiangazi, na moshi unashuka mpaka barazani. Mashine moja ndani, nyingine nje chini ya paa, ulinganishe kabla hujafungua dirisha. Walielewa upesi. Mtu aliyepika miaka mingi kwenye kambi ya wakimbizi kwa kuni mbichi hahitaji kuelezwa moshi ni nini.

Mmoja wao, mjane aliyekaa Macquarie Fields kwenye nyumba ya serikali, alingoja mpaka wenzake walipoanza kufungasha. Akanijia.

"Dada, hii kitu inaonaka batu?"

"Haioni mtu, mama. Inapima vumbi na unyevu tu."

"Na habari yake inaenda wapi?"

"Kwenye kompyuta ya ofisi."

Niliona nimejibu vizuri kabisa. Aliifunga mashine kwenye kitenge chake kama mtu anayebeba mayai, akaenda zake.

Nilimwekea macho mama huyu kuliko wengine kwa sababu ya bintiye. Mtoto wa miaka tisa, mwembamba, ana pumu, na majira ya baridi yaliyopita alichukuliwa na gari la wagonjwa midomo ikiwa imegeuka rangi. Ofisi ilikuwa imeahidi kwamba nyumba itakayoonyesha hewa mbaya, wao wenyewe watawabana wenye nyumba mpaka waitengeneze. Kwa hiyo nilichokuwa namwombea mama yule ni taa nyekundu. Niliiomba kwa moyo mmoja, jambo ambalo si rahisi kumweleza Mungu.

Ikaja kijani. Wiki nzima, mchana na usiku, kijani. Nyumba ya Macquarie Fields ilikuwa na hewa safi kuliko nyumba zote za mradi, kuliko ofisi yetu, na bila shaka kuliko nyumba yangu. Mkurugenzi alifurahi. Akataka mama yule aje mkutanoni awaeleze wenzake siri ya mafanikio, na kama hatajali, apigwe picha akiwa na mashine mkononi.

Nilipanda treni nikaenda.

Sebule ilikuwa imepangwa ikapangika. Madirisha wazi, baridi inaingia kwa raha zake. Kila kiti kilikuwa na kitambaa cheupe alichofuma mwenyewe, televisheni ina chake, redio ina chake, na juu ya kabati la vyombo, katikati ya glasi ambazo hazinywewi na mtu, ilikaa mashine. Nayo ilikuwa imefunikwa kitambaa, kipya, chenye maua pembeni. Mwanga wa kijani ulipenya kwenye vitundu kwa haya.

"Mama, umeifunika?"

"Kitu ya batu, ntaiacha wazi namna gani? Vumbi itaingia."

Alikuwa ameikinga mashine ya kupima vumbi isiingiwe na vumbi. Nikagundua pia kwamba jikoni hakujapikwa: alikuwa akipikia kwa jirani tangu mashine ilipofika, na watoto wa jirani sasa walikuwa wananenepa. Mgeni njoo mwenyeji apone, wanasema wahenga, lakini hapa mgeni alikuja na mwenyeji akahamia barazani.

Kutoka chumba cha nyuma tukasikia kikohozi. Kilikuwa kirefu, chenye filimbi mwishoni. Nikamwomba anionyeshe chumba cha mtoto. Akasema chumba kiko sawa, nimalize chai. Nikamwomba tena. Akaniongezea sukari. Hapo nikapandwa na hasira, nikamwambia mficha maradhi kilio humfichua, maneno ambayo haambiwi mama mwenye mtoto mgonjwa, na nilijua hivyo nayo yakiwa bado mdomoni. Aliinuka akatoa vikombe, changu kikiwa nusu. Nilirudi Guildford nimeudhika njia nzima, kwanza naye, halafu nafsi yangu.

Shangazi aliposikia hakuniuliza kuhusu mashine. Aliuliza kama nilimwambia haifanyi nini. Kisha akasema tutakwenda wote Jumamosi.

Alikaa kwenye kiti karibu na dirisha, akasifia vitambaa, akanywa chai yote. Mama yule alikuwa ametuvalia nguo za kanisani na hakukaa. Kisha Shangazi akaanza kusema, polepole, kwa Kiingereza, nami nikatafsiri.

Alisema mama yake alikuwa na nyumba safi kuliko zote upande ule wa mto. Walikuwa wanalisikia gari la serikali kwa mbali, na kabla halijafika mama alikuwa ameshafagia ua mzima, amewaosha watoto nyuso na kuwasimamisha mstarini. Nilitafsiri. Alisema sakafu ile ungeweza kulia chakula. Nilitafsiri. Alisema pamoja na hayo yote, gari lile lilimchukua dada yake.

Hilo nalo nikalitafsiri. Mama yule alikuwa amekaa sasa, ingawa sikumwona akikaa.

"Nasikia batu ya serikali babebaka batoto," alisema akinitazama mimi. "Bakiona nyumba ina ugonjwa, basema mama hajue kulea. Njo maana nilikuwa nafagia kila siku, dada. Kila siku."

Nilitafsiri upande wa pili. Shangazi alijibu kwamba hawezi kuahidi kwa niaba ya serikali, maana yeye na watu wake wamejuana nayo muda mrefu. Anachoweza kuahidi ni kimoja: siku watakapokuja watu wa idara ya nyumba, yeye atakuwa amekaa hapahapa kabla yao na ataondoka baada yao. Na kufagia, alisema, hakujamsaidia mtoto kupumua.

Mama yule alisimama akaenda chumba cha nyuma, tukamfuata. Alishika kabati la nguo akalivuta peke yake, akatukataza kumsaidia. Ukuta nyuma yake ulikuwa mweusi kutoka sakafuni mpaka usawa wa bega langu, wenye manyoya, na maji yakichuruzika taratibu. Kitanda cha mtoto kilikuwa hatua moja kutoka hapo. Nimeona ukungu mwingi kwenye picha ninazofundishia. Huu niliutazama nikataka kupiga mtu, na aliyestahili kupigwa hakuwa chumbani.

Mtoto ndiye aliyekwenda sebuleni kuleta mashine. Aliivua kitambaa, akamwambia mama yake kwa Kiingereza kwamba ilikuwa inashindwa kupumua, akaiweka kando ya mto wake. Ikapita njano bila kusimama. Ilipofika nyekundu, mama yule aliziba uso kwa viganja, na Shangazi akamshika mkono akaushikilia.

Ofisi iliwabana wenye nyumba kama ilivyoahidi, nao, baada ya barua nyingi zenye adabu, wakaleta mafundi. Mkurugenzi aliacha kuuliza habari ya picha.

Siku hiyo nilifika mapema na nikamkuta Shangazi ameshatangulia. Mtoto alikuwa amevaa gauni la kanisani na nywele zimesukwa upya. Mafundi wawili walitoboa, wakainama, wakasema bomba limepasuka ndani ya ukuta miaka mingi, na kwamba hilo halikuletwa na mapishi ya mtu yeyote. Mmoja wao aliomba radhi, ingawa hakuwa yeye aliyelipasua. Hawakuuliza neno lolote juu ya mtoto zaidi ya kumwomba asogee asipate vumbi.

Ndipo nilipouona mfuko. Ulikuwa wa kitambaa cha kitenge, umefungwa vizuri, umeegemezwa ukutani karibu na mlango wa mbele. Nikamuuliza mama kama anasafiri.

"Ni ya mutoto," alisema. "Kama bangemubeba, asiende bila sweta."

Nilitaka kumtafsiria Shangazi, nikaona hakuna haja. Kiti chake hakikuwa pale karibu na dirisha. Alikuwa amekisogeza tangu alipofika, na saa zile zote alikuwa amekaa katikati ya ule mfuko na mlango.

Mafundi walipoondoka, madirisha yalikuwa wazi yote kwa sababu ya vumbi la saruji. Mtoto alisema anasikia baridi. Mama yake akamwambia achukue sweta, naye akaenda kwenye mfuko, akaufungua, akaivaa juu ya gauni.