Chumba Namba Tisa, Kila Jumatano

Kila ilipofika wiki ya kwanza ya Desemba, wahadhiri wa idara ya saikolojia walianza kumkwepa Bi Taipu kwenye korido. Si kwamba alikuwa mkali. Alikuwa mwanamke mfupi, mnene kiasi, mwenye sauti ya taratibu. Lakini mwezi huo alitembea na daftari la jalada gumu, na akikukamata hakuachii mpaka umpe habari zako za mwaka mzima: nani kapanda cheo, nani kapata mtoto, mwanafunzi gani wa uzamivu kamaliza hatimaye baada ya kusuasua miaka minane. Alikuwa mhazili wa idara kwa miaka ishirini na tatu, na jarida la mwisho wa mwaka, kurasa sita zinazotumwa kwa wahitimu wote, lilikuwa kazi yake toka kichwa cha habari hadi nukta ya mwisho. Jina la Bi Taipu alipewa enzi za mashine za kupiga chapa, likamganda hata baada ya mashine yenyewe kutupwa stoo.

Mwaka huo mkuu wa idara alikuja na jipya.

"Bi Taipu, safari hii nataka takwimu," alisema, kasimama mlangoni na kikombe mkononi. "Vyumba vyetu vya utafiti vimetumika saa ngapi. Wakubwa wa chuo wanadhani tunakaa tu hapa kuulizana ndoto."

"Kwani hatuulizani?"

Mkuu alicheka mpaka kahawa ikamwagikia sahani. "Muulize fundi wa kompyuta. Mitambo yote inajiandikia yenyewe."

Fundi wa kompyuta alimletea orodha mchana uleule. Bi Taipu aliisoma mara mbili. Chumba kilichotumika kwa uaminifu kuliko vyote hakikuwa maabara mpya ya ghorofa ya pili. Kilikuwa chumba namba tisa, kule chini kabisa kwenye jengo la zamani. Jumatano zote tangu Januari, saa nne kamili mpaka saa tano kasorobo. Hata wiki za likizo.

"Hapa umekosea," alisema Bi Taipu.

"Mtambo haukosei, mama. Mwaka jana ni hivyohivyo. Na mwaka juzi."

Bi Taipu alikifahamu chumba hicho. Kilikuwa cha Daktari, mama mmoja mtafiti wa kumbukumbu, mpole, ambaye miwani yake haikukaa usoni ila kifuani, ikining'inia kwa kamba nyekundu. Aliwaalika mwenyewe, ana kwa ana, wazee thelathini. Kila mmoja na siku yake na saa yake, alikaa peke yake mbele ya kioo kikubwa, akabonyeza kitufe, akasikia maswali kutoka kwenye spika, akajibu. Kwa mzee, kioo kile kilikuwa cha kujitazamia tu; kwa nyuma kilikuwa dirisha, na Daktari aliketi huko gizani akiangalia. Alitaka kujua hadithi moja ikisimuliwa mara mia, inabadilika vipi.

Na Daktari alikuwa amekufa. Miaka mitano ilikuwa imepita tangu Februari ile alipolazwa, na wiki mbili baadaye hakuwepo. Tanzia yake kwenye jarida, mistari tisa, aliipiga chapa Bi Taipu mwenyewe huku machozi yakimdondoka juu ya meza.

"Basi huko chini yuko nani?" aliuliza.

Fundi alipandisha mabega. "Mimi naona saa tu. Sauti zipo ndani ya mtambo, kama una moyo wa kuzisikiliza."

Alipoondoka, Bi Taipu alifungua ratiba ya vyumba. Ilikuwepo pale, kwenye mstari wake: Jumatano, saa nne, chumba namba tisa, utafiti wa kumbukumbu. Kila Januari alikuwa anachukua ratiba ya mwaka uliopita, anabadilisha mwaka, anaichapa. Mfagizi alifungua mlango kwa sababu ratiba ilisema afungue. Hakuna aliyeuliza. Uso ulimwaka kwa aibu, ingawa ofisini hakukuwa na mtu wa kumwona.

Alivaa hedifoni, akafungua rekodi ya wiki tatu nyuma.

"Habari za asubuhi," alisema Daktari. "Karibu, kaa vizuri."

Bi Taipu aling'oa hedifoni kama aliyeguswa na moto. Ilimchukua muda kujikumbusha kwamba maswali yale Daktari aliyarekodi tangu mwanzo wa utafiti, yakawa yanajirudia. Akavaa tena.

"Njema, Daktari," ilijibu sauti ya mzee, ya upole, yenye furaha. "Leo umeamka na mafua, eh? Pole sana."

Swali la mwisho lilikuwa moja siku zote: "Sasa nisimulie ile siku uliyoichagua." Mzee alichagua siku aliyompoteza bintiye stesheni ya treni. Mtoto alikuwa na miaka mitano. Baba aliuachia mkono wake dakika moja tu dirishani pa tiketi, akageuka, mtoto hayupo. Alimtafuta saa nzima akipiga kelele kati ya mizigo na watu, mpaka akampata mwisho kabisa wa jukwaa.

Bi Taipu alisikiliza rekodi za zamani, kisha za katikati, kisha za karibuni, mpaka masikio yakamuuma. Miaka ya mwanzo mtoto alipatikana peke yake, kakaa juu ya sanduku la mtu, analia. Mzee hakuongeza wala hakupunguza. Halafu, miezi michache baada ya ile Februari, alisema kwamba mtoto hakuwa peke yake. Kuna mtu alikuwa kamshika mkono. Mwaka uliofuata mtu huyo akawa mwanamke. Na kwenye rekodi ya wiki tatu nyuma, mzee alisema bila kusita: "Mama mmoja, Daktari, mtulivu. Miwani kaining'iniza kifuani kwa kamba nyekundu."

Jioni hiyo alimwambia mdogo wake, mshonaji, aliyekaa naye nyumba moja tangu wote wawili wafiwe na waume.

"Dada, mzee kachanganya tu," alisema mdogo wake, pini zikiwa mdomoni. "Kila wiki anamsikia huyo mama, mwishowe kamtia kwenye hadithi. Hata mimi wateja wangu nawaota."

"Miaka yote Daktari alipokuwa hai hakumtia. Kamtia alipokwisha kufa."

Mdogo wake alizitoa pini mdomoni moja moja. "Usiende huko peke yako."

"Niende na nani? Nimwambie mkuu wa idara anisindikize kwa marehemu?"

Walicheka, lakini kicheko kilikatika mapema.

Jumatano Bi Taipu alishuka ngazi za jengo la zamani robo saa kabla ya wakati. Aliingia kile chumba cha nyuma ya kioo, akafunga mlango, hakuwasha taa. Kulikuwa na viti viwili. Alikaa kile cha karibu na mlango. Kingine, chenye mto wa Daktari uliobonyea katikati, hakukigusa.

Mzee aliingia kwa wakati. Alikuwa mrefu, koti limempwaya, ndevu zimenyolewa vizuri. Alivua kofia, akaiweka juu ya goti, akakiinamia kioo kwa heshima kama mtu anayepokelewa. Akabonyeza kitufe.

"Habari za asubuhi. Karibu, kaa vizuri."

"Njema, Daktari."

Alijibu maswali yote: jana alikula nini, nani alikuja nyumbani, alipita njia gani. Bi Taipu alianza kutulia. Alikuwa tu mzee mpweke na mashine. Jambo la kusikitisha, si la kutisha. Kisha, kabla ya swali la mwisho, mzee alisogea mbele, akafinya macho, akatabasamu.

"Leo mmekuwa wawili," alisema. "Karibu, mgeni."

Bi Taipu alijua kiti cha pili kiko upande wake wa kulia, umbali wa mkono. Alijua pia kwamba akigeuza shingo ataona mto mtupu, na jambo litakwisha. Shingo ilikataa. Akainuka hivyohivyo, macho mbele, akaupapasa mlango mpaka akaupata, akatoka kwenye mwanga wa korido. Ngazi zilikuwa pale pale. Miguu ilitaka kuzipanda. Akapiga moyo konde, akabisha mlango wa namba tisa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye uliyekaa karibu na mlango."

"Umenionaje, baba?"

"Kioo hiki kimezeeka. Mwanga wa korido ukipenya chini ya mlango, vivuli vinaonekana."

"Vivuli?"

"Chako, na kile cha siku zote."

Bi Taipu alivuta kiti akaketi. Akamweleza yote: ugonjwa, Februari, miaka mitano, sauti iliyorekodiwa, barua za kuufunga utafiti walizotumiwa wazee wote.

"Mimi sikupata barua," alisema mzee. "Mwaka ule nilihamia kwa binti yangu." Aliizungusha kofia juu ya goti, mzunguko mmoja, mwingine. Kisha akainua uso, na uso ule Bi Taipu hakuusahau. "Sasa mwanangu alirudishwa na nani?"

Spika, ambayo haikujua kitu, iliuliza swali lake la mwisho.

Binti wa mzee, muuguzi mwenye miaka arobaini na sita, alimfuata baba yake saa tano, bado na sare zake za kazi. Bi Taipu alimweleza pembeni, kwenye korido.

"Miaka mitano!" alisema muuguzi. "Mmemwacha baba yangu anaongea na ukuta miaka mitano! Mimi nampigia pasi shati kila Jumanne, namwambia chuo kinamhitaji!"

"Ratiba naandika mimi, dada. Kosa ni langu. Naomba unisamehe."

Muuguzi alijifuta macho kwa kiganja, hasira ikampungua kidogo kidogo. Bi Taipu, ambaye alipaswa kuishia hapo, akashindwa kujizuia.

"Unaikumbuka ile siku ya stesheni?"

"Naikumbuka vizuri. Mama mmoja alinishika mkono mpaka baba akaja. Nilikuwa nachezea kamba ya miwani yake. Nyekundu."

"Baba alikusimulia hivyo?"

"Baba? Hajawahi kuitaja nyumbani. Mama alimlaumu mno siku ile, ikawa mwiko." Akamtazama Bi Taipu. "Kwa nini? Una nini?"

Bi Taipu alikuwa anapiga hesabu ya miaka kichwani. Wakati ule Daktari alikuwa bado mwanafunzi wa sekondari.

Mkuu wa idara alimsikiliza mpaka mwisho, bila kukatiza, jambo lisilo la kawaida yake. "Kumbukumbu ni kitu laini, Bi Taipu. Ulipomuuliza yule binti, hukumtajia kamba wewe kwanza? Kwenye maelezo ya mwanzo?"

"Sikumtajia."

"Una hakika?"

Alikuwa na hakika. Lakini alipoyarudia kichwani mazungumzo yale ya korido, safari ya kwanza hakuitaja kamba, safari ya pili hakuitaja, na safari ya tatu akajisikia kama anaitaja. Hilo lilimtisha kuliko kivuli. Aliacha kuyarudia.

Habari yenyewe aliiandika usiku wa kuamkia siku ya mwisho ya kupokea habari, na mkuu alitaka kuiondoa.

"Jarida la mwisho wa mwaka ni la kupongezana," alisema.

"Basi alipige chapa mwingine."

Ilichapwa ukurasa wa tatu, kati ya waliopandishwa vyeo na waliostaafu: "Utafiti wa kumbukumbu wa chumba namba tisa umefungwa mwaka huu, miaka mitano baada ya kifo cha aliyeuanzisha. Mshiriki wake wa mwisho, fundi saa mstaafu, hakuambiwa, na hakukosa Jumatano hata moja. Idara inamwomba radhi, na inamshukuru." Miaka yote ishirini na tatu wahitimu hawakuwahi kuandika chochote zaidi ya kutoa anwani mpya. Safari hii barua zilijaza trei. Mmoja wao, aliyewahi kuwa msaidizi wa Daktari, aliandika mstari mmoja tu: "Na mimi niliwahi kukaa kile kiti cha karibu na mlango, Daktari akiwa hospitali. Sikurudi tena."

Bi Taipu aliikunja barua hiyo, hakumwonyesha mtu.

Kabla chuo hakijafungwa kwa likizo, mzee aliomba aage. Alikuja na bintiye, kavaa shati lililonyooka. Fundi wa kompyuta alisubiri nje. Mzee alibonyeza kitufe mwenyewe.

"Habari za asubuhi. Karibu, kaa vizuri."

"Njema," alisema. "Na wewe sasa pumzika."

Akainama, akachomoa waya ukutani. Nyuma ya kioo kitu kililia, mlio mdogo wa kiti kinachopunguziwa uzito. Muuguzi alimshika baba yake mkono. "Mbao za zamani," alisema, akamwongoza nje haraka.

Jumatano ya pili ya mwaka mpya Bi Taipu aliomba ruhusa, akaenda kumjulia hali. Muuguzi alikuwa kazini. Mzee alifungua mlango akiwa kanyoa ndevu, kavaa koti, kama mtu anayetoka. Walikaa sebuleni, wakanywa chai, wakazungumza habari za saa mbovu na magoti mabovu. Kisha mzee akaweka kikombe chini.

"Wewe unaandika habari za watu kila mwaka," alisema. "Na wewe je? Una siku gani unayoikumbuka?"

Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumuuliza. Bi Taipu alifungua kinywa aseme hana. Badala yake akajikuta anasimulia siku aliyomwacha mumewe hospitali, akaenda kununua machungwa, akarudi akakuta kitanda kimeshatandikwa upya. Alisimulia polepole, neno kwa neno, akiwa mwangalifu mno asiongeze mtu ambaye hakuwepo.